Sheria Mbili na Gauni la Siwema

Nchi yetu ya Tengemano haina matatizo. Nasema hivyo kwa uhakika, kwa sababu kila tatizo likijitokeza hutungiwa sheria ndani ya wiki moja, na likishatungiwa sheria haliruhusiwi kuendelea. Sheria zote nazijua. Si kwamba mimi ni mwanasheria, la hasha. Ni msoma prufu kwenye kiwanda cha uchapaji cha serikali, huu mwaka wa ishirini na tatu, na nina hakika kwamba katika nchi nzima ni mimi peke yangu ninayezisoma kuanzia jina hadi nukta ya mwisho. Wabunge huzipitisha, mahakimu huzitaja, wakaguzi huzibeba kwapani. Kuzisoma wameniachia mimi.

Wapo watu wanaosema maneno ya ovyo kuhusu serikali yetu. Mimi huwauliza: lini mmeiona serikali imekosea koma? Wanaanza kuzungumzia mvua.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa pili, Mheshimiwa Dakta Kipeto Sangalala, Waziri wa Biashara, Kazi na Furaha ya Umma, alipeleka bungeni miswada miwili. Asubuhi alipeleka Sheria ya Kumlinda Mteja. Alisema kwa uchungu mkubwa kwamba mteja wa Tengemano amekuwa yatima, anazungushwa, anaambiwa kesho na keshokutwa, na kwamba yeye Waziri hapati usingizi. Akatoa leso. Wabunge wakapitisha, kisha wakaenda kula. Siku hiyo kulikuwa na pilau ya kuku, na nadhani pilau ile ilimlainisha Waziri moyo zaidi, maana mchana alirudi na Sheria ya Kumpumzisha Mfanyakazi. Alisema kwa uchungu uleule kwamba mfanyakazi wa Tengemano anatumikishwa, anakimbizwa na wateja wasio na huruma, na kwamba yeye Waziri hapati usingizi. Leso ikatoka tena. Wabunge wakapitisha tena.

Prufu zote mbili zilifika mezani kwangu pamoja. Ya kwanza ilisema kazi ya mteja lazima iishe siku iliyoahidiwa, hata iweje. Ya pili ilisema mfanyakazi asiharakishwe, hata iweje. Nikaangalia "hata iweje" ya kwanza, nikaangalia "hata iweje" ya pili, nikaona zote zimeandikwa sawasawa. Nikapiga muhuri.

* * *

Mkabala na nyumba ninayopanga, Mtaa wa Mshikamano, kuna duka la fundi nguo anayeitwa Makanyaga. Ni mtu mfupi, mpole, mwenye futi kamba shingoni hata akienda msibani. Ana mfanyakazi mmoja tu, Havijawa, mama wa miaka hamsini na mbili ambaye amekalia cherehani ileile kwa miaka ishirini na moja. Makanyaga hupima na kukata, Havijawa hushona. Hawakuwahi kuandikiana mkataba. Wakikosana, Havijawa hugeuza kiti akashona huku ameutazama ukuta, na Makanyaga hujua kwamba amekosea yeye.

Hapa lazima niwaeleze vijana jinsi ushonaji ulivyokuwa ukienda zamani, yaani hadi mwezi wa tatu mwaka huu. Mteja alileta kitambaa. Fundi alisema, "Njoo Ijumaa." Hakuna aliyeuliza Ijumaa ipi, kwa sababu hakuna Ijumaa iliyokusudiwa, ilikuwa namna ya kumwambia mtu nimekupokea, nenda salama. Mteja naye hakuwa mjinga. Kama harusi yake ni tarehe kumi na tisa, alimwambia fundi ni tarehe tano. Fundi, akijua kwamba tarehe tano maana yake ni kumi na tisa, aliianza nguo tarehe kumi na mbili. Mteja, akijua kwamba fundi anajua, alianza kuja dukani kugomba tarehe kumi na tatu. Tarehe kumi na nane jioni nguo ilikuwa tayari, ingali na joto la pasi. Watu walidanganyana kwa heshima kabisa, na katika mtaa wetu sijawahi kusikia bibi harusi aliyekosa gauni.

Utaratibu huo haukuandikwa mahali popote, na mimi kama msoma prufu ulikuwa ukinikera sana.

* * *

Sheria zilianza kufanya kazi Jumatatu, siku ya mwisho ya mwezi wa tatu. Jumatatu ile ile, Siwema, binti anayeuza kwenye duka la dawa la jirani, alimletea Makanyaga kitambaa cheupe cha gauni la harusi na mfuko wa shanga. Mchumba wake ni mchimba visima, alikuwa mbali huko kwenye wilaya za ukame, na angerudi mjini tarehe kumi na nane, siku moja kabla ya ndoa. Siwema hakujua kwamba yule bwana aliyekaa kwenye benchi na faili mapajani hakuwa mteja.

"Harusi lini, mwanangu?" Makanyaga aliuliza, akimzungushia futi kamba.

"Tarehe tano, fundi. Nakuomba usiniangushe."

"Nikuangushe wewe? Njoo Ijumaa."

Bwana wa benchi akasimama, akajitambulisha. Aliitwa Chipeta, Mkaguzi wa Ulinzi wa Mteja. Akatoa fomu yenye nakala nne, nyeupe, njano, waridi na kijani, akaandika kwa mwandiko mzuri sana: harusi Jumamosi tarehe tano, gauni Ijumaa tarehe nne. Akamkabidhi Makanyaga nakala ya kijani.

"Hongera, fundi. Wewe ni wa kwanza kusajiliwa mtaa huu. Gauni lisipokuwa tayari Ijumaa hii, duka linafungwa moja kwa moja."

Makanyaga alicheka, akidhani ni utani. Aliposoma fomu aliacha kucheka. Siwema akamvuta pembeni. "Fundi, si unajua tunavyosemaga? Harusi ni tarehe kumi na tisa."

"Najua, mwanangu. Nilijua tangu unafungua mdomo."

Wakamrudia Bwana Chipeta wakamweleza ukweli. Aliwasikiliza kwa subira.

"Tarehe naweza kubadilisha, hakuna shida. Nitahitaji tamko la mteja kwamba alitoa taarifa ya uongo kwa ofisi inayomlinda. Adhabu yake ni miezi kumi na minane jela."

"Jela nani?" Siwema aliuliza.

"Mteja."

"Lakini si ndiye mnayemlinda?"

"Na huko tutamlinda," Bwana Chipeta alisema, na nawahakikishia alisema kwa wema.

Kwa hiyo Siwema hakutoa tamko lolote. Alirudi kwenye duka lake la dawa akiwa na harusi mbili, moja ya kweli na moja ya serikali.

* * *

Siku nne kwa gauni la harusi lenye shanga ni muda mdogo, lakini Havijawa alikunja mikono ya blauzi. "Nitakaa. Tutakula hapahapa, tutalala kidogo, litaisha. Kwani mara ngapi tumefanya hivyo sikukuu zikikaribia?"

Alikuwa ameshona robo saa tu alipoingia mwanamke mwenye saa ya mkononi kubwa na begi la ngozi. Alikuwa Bi Rehani, Mkaguzi wa Mapumziko ya Mfanyakazi. Akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa na cherehani.

"Dada, una furaha?"

"Ningekuwa nayo kama ungeniondokea kwenye mwanga," Havijawa alijibu bila kuinua macho.

Bi Rehani akaandika Hapana. "Mfanyakazi asiye na furaha anapumzika dakika arobaini. Ondoa mguu kwenye pedeli, tafadhali."

Havijawa alikaa dakika arobaini akiutazama mkono mmoja wa gauni. Dakika zilipokwisha, Bi Rehani aliuliza tena. Safari hii Havijawa alijifanya mjanja, akatabasamu meno yote nje. "Nina furaha mpaka inanimwagika, mama!"

"Vizuri sana. Mfanyakazi mwenye furaha anapumzika dakika arobaini, ili furaha isimwishie."

Makanyaga alivuka barabara mbio kuja kuniuliza kama jambo hilo limo kweli kwenye sheria. Nilimthibitishia kwamba limo, kifungu cha saba, tena nukta-mkato iliyopo hapo niliiweka mimi mwenyewe.

Jumatano mambo yalikuwa moto. Bwana Chipeta alisimama kushoto kwa cherehani akisema, "Shona!" Bi Rehani alisimama kulia akisema, "Usishone!" Havijawa alikaa katikati, mguu mmoja juu ya pedeli na mwingine chini, akigeuza shingo huku na huku. Saa saba wakaguzi wote wawili walikwenda kula chakula cha mchana pamoja, maana walikuwa marafiki tangu chuoni, wakarudi saa nane wakicheka, kisha kila mmoja akashika upande wake. Hadi Alhamisi jioni gauni lilikuwa na mkono mmoja na nusu ya kola.

Jioni hiyo Makanyaga alikuja kukaa barazani kwangu. Futi kamba aliishika mkononi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Jirani, wewe ndiye unayezisoma. Niambie nivunje ipi."

"Sikushauri uvunje hata moja. Zote zimechapwa vizuri."

Aliizungusha futi kamba vidoleni. "Mimi nina kazi hii moja tu niijuayo. Sawa, mimi naweza kukaa nikafa njaa taratibu, sina haraka. Lakini Havijawa ataajiriwa na nani? Macho yake yamezoea cherehani ile ile, hata akibadilishiwa kiti anakosea mstari. Wakilifunga duka, wamemfunga yeye."

Nilitaka kumwambia kwamba sheria zote mbili zimetungwa kwa ajili ya watu kama Havijawa na Siwema, lakini nilijikuta nikimmiminia chai. Niliona aibu, na sikujua naionea nini, kwa sababu makosa ya chapa hayakuwemo.

Ijumaa saa nne asubuhi duka lilishtakiwa na Bwana Chipeta kwa kuchelewesha mteja, na saa nne na dakika tano likashtakiwa na Bi Rehani kwa kumharakisha mfanyakazi. Kila mmoja akaweka kufuli lake mlangoni. Gauni la mkono mmoja lilibaki ndani, limening'inia kwenye msumari.

* * *

Malalamiko ya aina hiyo yalikuwa yamefika wizarani kutoka kila mtaa, kwa hiyo Mheshimiwa Waziri aliunda Tume, akajiteua mwenyekiti, na akachagua kukaa mtaani kwetu kwa sababu kuna kivuli. Tume ilikaa siku tano chini ya turubai. Siku tatu zilikuwa za kufungua kikao, moja ya kutambulishana na moja ya kufunga. Siku ya kufunga Waziri alipanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu sikivu imefanya utafiti wa kina, utafiti wa kisayansi, utafiti ambao nchi jirani wameuomba tukawanyima! Tumegundua jambo. Katika kila duka lenye mgogoro, kulikuwa na mteja, na kulikuwa na mfanyakazi. Tukasema, hebu twende kwenye maduka yasiyo na wateja. Tukaenda. Kimya! Hakuna mgogoro! Tukasema, hebu twende kwenye maduka yasiyo na wafanyakazi. Tukaenda. Kimya! Hakuna mgogoro! Ndugu zangu, tatizo si sheria. Sheria ni nzuri. Tatizo ni kuwaweka hawa watu wawili katika chumba kimoja!"

Watu walipiga makofi muda mrefu, na mimi nilipiga zaidi, maana kwa kweli hotuba ilikuwa imepangika.

Kuanzia siku hiyo kila mwenye biashara alitakiwa kuchagua: ama awe na wateja, ama awe na wafanyakazi. Fomu ilikuwa na visanduku viwili. Kuweka alama kwenye vyote viwili ni kuhujumu uchumi. Mwenye bucha alichagua wateja, wakajipanga foleni ndefu mbele ya ng'ombe mzima asiye na wa kumkata. Mwenye saluni alichagua wafanyakazi, nao wakawa wanasukana wenyewe kwa wenyewe, kila siku mtindo mpya.

Zamu ya Makanyaga ilipofika, kufuli zilifunguliwa, akaingia na fomu yake, Havijawa akamfuata. Mimi nilisimama mlangoni. Makanyaga alikaa, akashika kalamu.

"Weka wateja, fundi," Havijawa alisema. "Bila wateja hili ni banda lenye cherehani. Mimi nitakwenda kwa dada yangu kule Mabambasi, tutauza mihogo."

"Hujui kuuza mihogo wewe."

"Nitajifunza."

"Nyamaza, Havijawa."

Akaweka alama kwenye kisanduku cha wafanyakazi, tena akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Havijawa aligeuza kiti akatazama ukuta, na mabega yake yakawa yanacheza. Nami, mtumishi wa umma wa miaka ishirini na tatu, nililia pale mlangoni bila kujificha.

* * *

Bwana Chipeta alihamisha faili zake akaenda kulinda foleni ya bucha. Bi Rehani alibaki. Kesho yake asubuhi Havijawa alikaa kwenye cherehani, akalishusha gauni msumarini, maana mikono yake haijui kukaa bure. Mara Bi Rehani akavuta kigoda chake na kuangalia saa.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Niliingilia utekelezaji wa sheria. Nilivuka barabara na nakala yangu, nikamfungulia Bi Rehani kifungu cha pili cha sheria yake, kile cha tafsiri ya maneno ambacho kila mtu hukiruka: "Kazi maana yake ni shughuli yoyote afanyiwayo mteja."

"Mteja yuko wapi hapa?" nilimuuliza.

Bi Rehani aliangaza macho dukani. "Hayupo. Ni marufuku."

"Basi huyu mama anafanya nini?"

Alikisoma kifungu mara tatu. Ni mtu mwaminifu, simsemi vibaya. Akafungua fomu yake akaandika: "Mfanyakazi anapumzika." Kisha akakaa kwenye benchi, akavua viatu.

Havijawa alipumzika saa tisa mfululizo siku ile. Alipumzika na mkono wa pili wa gauni, akapumzika na kiuno, akapumzika na shanga mia nne za kifuani. Kwa kuwa hapakuwa na mteja, hapakuwa na tarehe, na kwa kuwa hapakuwa na tarehe aliimba. Wizarani walitoa taarifa kwamba duka la Makanyaga linaongoza kitaifa kwa mapumziko. Alhamisi tarehe kumi na saba gauni lilikwisha, na hata mimi nisiyejua nguo nilisimama barabarani nikalitazama.

Siku iliyofuata Siwema alifika, mchumba wake nyuma yake na vumbi la kisima bado liko kwenye nywele. Alipotaka kuingia, Havijawa alipiga kelele kutoka ndani: "Usivuke! Ukivuka kizingiti wewe ni mteja, umetufunga!"

Siwema alisimama na vidole vya miguu mwisho kabisa wa barabara. Gauni aliliona, hatua sita tu. Bi Rehani alishaanza kutafuta viatu vyake chini ya benchi. Mchumba alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye angemwoa hata na nguo za kazini. Siwema akamwambia anyamaze, anafikiri. Binti huyu, niwakumbushe, kutwa nzima husoma zile karatasi zenye maandishi madogo zinazokunjwa ndani ya maboksi ya dawa.

"Fundi Makanyaga," aliita. "Mna nafasi ya kazi?"

Bi Rehani akapekua sheria yake. "Mwombaji kazi anaruhusiwa kuingia," alisema taratibu. "Lakini awe na ujuzi."

"Naweza kuhesabu vidonge."

"Basi anaweza kuhesabu vifungo," Havijawa alidakia, na Makanyaga akaandika mkataba kwa kasi ambayo hajawahi kukatia nguo yoyote. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mpya sare inayomtosha. Siwema alipewa sare, nyeupe, ndefu, yenye shanga mia nne. Alihesabu vifungo kumi na viwili, kisha akaacha kazi palepale bila notisi. Na sheria inasema wazi kwamba mfanyakazi akiacha kazi bila notisi, ni yeye anayemlipa mwajiri. Alilipa. Yote yalichukua dakika kumi na mbili, Bi Rehani akagonga muhuri, na mchumba wa watu alikuwa bado anauliza kilichotokea.

Ndoa ilifungwa tarehe kumi na tisa. Ile ya tarehe tano imebaki kwenye faili la Bwana Chipeta, inasubiri uchunguzi.

* * *

Mwezi wa tano ulipoanza, Makanyaga alikuwa ameajiri watu arobaini na mmoja. Waliajiriwa asubuhi, wakapewa sare, suruali kwa huyu, kitenge kwa yule, wakaacha kazi bila notisi kabla jua halijawa kali. Mwenye bucha naye akabadilisha fomu yake, akaajiri foleni yote mara moja, kila mmoja akakata kilo yake. Bwana Chipeta, aliyebaki hana wa kumlinda, aliajiriwa kwa Makanyaga siku moja akatoka na shati la mikono mifupi.

Idara ya Takwimu ilitangaza kwamba ukosefu wa ajira Tengemano umekwisha kabisa, na kwamba malalamiko ya wateja ni sifuri. Mheshimiwa Waziri alihutubia redioni siku tatu. Ili wapinzani wasiseme kwamba ajira hizo ni za uongo, alisaini kanuni mpya kali: kila mwombaji ahojiwe kwa haki bila kujali cheo, na mwajiri atakayeajiri mtu asiyejua kufanya kitu chochote afungiwe duka siku hiyohiyo. Prufu yake niliisoma mimi. Ilikuwa safi.

Kisha ikapangwa Sikukuu ya Ajira Kamili, mgeni rasmi Mheshimiwa Rais mwenyewe. Na hapo Waziri alitoa suti yake kabatini akakuta imeshindwa kwenda na kasi ya majukumu yake, hasa upande wa tumboni.

Alikuja na magari tisa. Makanyaga alimlaki mlangoni, mikono miwili kifuani. "Karibu, Mheshimiwa. Lakini utusamehe, hatuna ruhusa ya wateja."

"Najua, najua, sheria ni yangu," Waziri alisema, akicheka kidogo kwa ajili ya wapambe. "Nimekuja kuomba kazi."

Bi Rehani alisimama na kanuni mpya mkononi. Katika mkono mwingine alikuwa na kufuli. Aliuliza maswali kwa haki, kama ilivyoandikwa.

"Uzoefu wa kazi?"

"Nimekuwa waziri miaka kumi na sita."

"Hicho ni cheo, Mheshimiwa, na kanuni inasema tusijali cheo. Unajua kufanya nini?"

Waziri alitabasamu. Makanyaga, jasho linamtiririka, alimsogezea uzi na sindano ili amsaidie. Waziri alijaribu mara saba, uzi ukapita pembeni mara saba. Makanyaga akamletea kopo la vifungo. "Mheshimiwa atuhesabie tu hivi. Hata kwa kukadiria."

Waziri aliviangalia. "Ni vingi," alisema, "na vinaendelea kuongezeka."

"Naomba jambo moja tu unaloweza kulifanya," Bi Rehani alisema. "Lolote."

Nawaambia kweli, nilimhurumia. Alifikiri kwa bidii. Wapambe walitazama dari, dereva akatazama viatu, magari tisa yakaendelea kunguruma nje. Mwisho akasema kwa sauti ndogo kwamba anaweza kuhutubia.

"Kwa mguu au kwa mkono?" Havijawa aliuliza kutoka kwenye cherehani.

Waziri alimwinamia Makanyaga sikioni, lakini sote tulisikia. "Ukinikataa, nitalifunga duka hili kesho."

"Akikukubali, nalifunga leo," alisema Bi Rehani.

Makanyaga alifumba macho. Nilijua anachofikiri, maana futi kamba ilikuwa mkononi tena, na alikuwa amemgeukia Havijawa kama mtu anayeaga. Mimi nilipekua sheria zote kichwani, zile za miaka ishirini na tatu, na sikupata hata kifungu kimoja cha kumwokoa mtu.

Havijawa akasimamisha cherehani.

"Jamani, mnahangaika nini? Mwandikeni mwanagenzi. Kwani mwanagenzi hudaiwa kujua kitu?"

Bi Rehani alifungua kanuni, akasoma, akageuza ukurasa, akanitazama. Nilitikisa kichwa kukubali: mwanagenzi hadaiwi ujuzi, mradi aanze kazi papo hapo, mbele ya mkaguzi, kabla hajapewa sare. Akaweka kufuli begini. Makanyaga alivuta pumzi ambayo nadhani ilisikika hadi bucha.

"Kwetu mwanagenzi huanza na kuokota pini," Havijawa alisema, akavuta sketi yake pembeni.

Waziri wa Biashara, Kazi na Furaha ya Umma aliwatazama wapambe wake. Hakuna aliyejitolea. Akavua koti, akalikabidhi kwa dereva, akapiga magoti kwenye sakafu ya duka, akaanza. Alikuwa mzito kidogo, lakini alijitahidi, na alipopata ya kwanza aliiinua juu ili tuione.

"Vizuri sana, baba," Havijawa alimwambia kwa upole. "Na ile pale, nyuma ya mguu wa cherehani."